Salamu ya Kifundo cha Mkono

Saa mbili asubuhi, Jumatatu moja ya Mei 1976, katika wodi ya wanaume, bendeji ya Mulenga ilifunguliwa na usaha ukaonekana kijani. Mulenga alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo aliyeungua paja kwa makaa ya mbabula, jiko la bati. Wiki iliyotangulia kidonda chake kilikuwa chekundu na safi. Muuguzi Nkandu aliinama akanusa. Harufu ilikuwa tamu, kama ya tunda linaloanza kuoza. Alikijua kijidudu chenye harufu hiyo, lakini alichukua usaha kwa pamba akaupeleka maabara, kwa sababu pua si ushahidi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakuwa na wagonjwa wa kwake. Alikuwa amesomea Kinshasa namna ya kufuatilia maradhi ambayo mtu hakuja nayo hospitalini bali ameyakuta humo, na kati ya wauguzi wote ni yeye peke yake aliyezunguka wodi akitazama mikono ya wenzake. Walimwita Mama Mikrobi. Mjini watu husalimiana kwa kupeana mkono, na mwenye mkono mchafu au uliolowa hutoa kifundo cha mkono, nawe ukakishika hicho. Nkandu walimpa kifundo hata wakiwa wametoka kunawa. "Mikono iko muchafu, mama, utatufunga," walisema, wakacheka. Mwaka wa kwanza alicheka nao. Baadaye alishika vifundo na kupita.

Chola peke yake ndiye aliyempa mkono mzima. Alikuwa msichana, muuguzi msaidizi wa wodi ya wanaume, mdogo wake kwa umri, na kila mchana walikula bukari, ugali wa kwao, pamoja chini ya dirisha la stoo ya dawa. Chola alimwita yaya Edith, dada mkubwa, kwa jina la ubatizo ambalo sheria ya miaka ile iliwataka watu waliache. Kwa wengine wote alikuwa Citoyenne Nkandu, mwananchi Nkandu, kama serikali ilivyoagiza. Siku ambayo Chola hakuja kazini, Nkandu alirudi nyumbani bila kuzungumza na mtu jambo lolote lisilo la kazi.

Maabara ilipothibitisha kijidudu kile, Nkandu alipima bomba, mabeseni, mikasi, kisha mikono ya kila muuguzi wa wodi ya wanaume, Chola akiwemo. Vyote vilikuwa safi. Wakati huo vitanda viwili zaidi vikawa na usaha wa kijani.

Kilichomfungua macho kilikuwa ng'ambo ya ua. Tangu Pasaka wodi ya wanawake haikuwa na dawa ya kusafishia vidonda. Huko walisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na hapakuwa na kidonda hata kimoja cha kijani. Wodi iliyokosa dawa ilikuwa inapona. Wodi yenye dawa ilikuwa inaoza. Nkandu alikaa na jambo hilo mchana kutwa, maana jibu lake lilikuwa moja, nalo lilikuwa juu ya meza ya Chola.

Ilikuwa chupa kubwa ya rangi ya kahawia. Kila asubuhi Chola aliongeza dawa mpya juu ya ya jana, kwa kuwa kumwaga dawa huku jirani hawana aliona ni dhambi. Kizibo cha mpira kilikuwa kimepasuka na stoo haikuwa na kingine, kwa hiyo alitafuta kizibo cha gome, cha chupa ya divai. Kizibo cha namna hiyo hunywa nguvu ya dawa, na kijidudu hukaa ndani yake salama. Kapya wa maabara alikikata akaotesha kipande: kijidudu kilichoota kilikuwa kile kile cha Mulenga. Ijumaa Mulenga alifariki.

Nkandu alimwambia Chola kwanza, chini ya dirisha. Chola aliuacha mkono wake ndani ya sahani.

"Nilikuwa namusafisha nayo," alisema. "Kila asubui, yaya. Alikuwa ananiambia asante."

Baadaye akasema, "Sema kizibo. Jina yangu uiache."

Nkandu alimjibu kwamba atajaribu.

Mkurugenzi wa hospitali alimsikiliza vizuri. Nkandu alieleza habari ya kizibo na ya stoo tupu, akaomba vizibo vya mpira, na chupa zimwagwe na kuchemshwa kila siku. Mkurugenzi alikubali yote. Kisha akauliza kuhusu waliokwisha kuruhusiwa: ni nani miongoni mwao waliosafishwa kwa chupa ile?

Nkandu hakujua. Aliyejua ni yule aliyewafunga bendeji. Bila yeye watu hao wasingepatikana, nao walikuwa wametawanyika katika mitaa ya Kenya na Katuba, labda hata mbali huko Lukafu.

"Chupa haijijazi yenyewe, citoyenne," mkurugenzi alisema. "Nani anaijaza?"

"Ni Chola," alisema Nkandu. Akaongeza kwamba kosa ni la stoo, na kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha msichana habari ya vizibo. Mkurugenzi alikuwa ameshaandika jina, na kalamu ameiweka chini.

Chola alitoa majina yote ya wagonjwa wake kwa kichwa, bila kusitasita, akitazama ukuta. Mmoja alikutwa Kenya, kidonda chini ya kitambaa kikiwa kijani. Alirudishwa, akapona. Chola alihamishiwa chumba cha kufulia. Vizibo vya mpira vilifika, chupa zikachemshwa, na kufikia Julai maabara haikupata tena kijidudu kile katika wodi ya wanaume. Nkandu alikula chini ya dirisha peke yake.

Mwishoni mwa mwezi huo alikwenda chumba cha kufulia kuhakikisha kwamba mashuka yanachemshwa. Chola alikuwa upande wa pili wa chumba, mbali na maji, akikunja mashuka yaliyokauka. Aliliweka chini lile alilolishika.

"Jambo, Citoyenne Nkandu," alisema, akatoa kifundo.

Mikono yake ilikuwa mikavu na safi. Nkandu alikishika kifundo.