Salamu kwa Wote Isipokuwa Yule

Suleimani bin Alawi hakuwa na shamba. Hakuwa na ng'ombe wala mgomba hata mmoja, jambo ambalo kwetu Rungwe ni kama mtu kutembea sokoni bila shati. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na sauti ya kunong'ona, hakuwa na ndugu wa damu kuanzia Mbeya hadi Ziwa Nyasa, hakujua kusoma, hakujua kuogelea. Na bahari, ambayo aliizungumzia kila siku kama mtu anayezungumzia habari za mjomba wake, hakuwahi kuiona hata kwenye picha.

Tanga alikuwa nalo. Alilishona mwenyewe kwa cherehani yake pale barazani Makandana, mjini Tukuyu, kwa marekani na vipande vya turubai, na katikati, mahali palipopungua kitambaa, akatia kipande cha pazia lenye maua mekundu. Siku tulipolipandisha mlingotini kwa mara ya kwanza, Lukasi, mwenzetu wa tatu, alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama tunakwenda kusafiri au tunakwenda kuposa.

Nianze na Jumapili moja ya mwaka 1969. Tulikuwa katikati ya ziwa la Masoko, watu watatu wazima, tukigombania upepo.

Ziwa hilo limekaa ndani ya shimo la mlima uliowahi kutapika moto, kama maji yaliyosahauliwa chunguni. Kingo zake zimesimama pande zote na miti imezishika. Upepo ukiingia humo hupotea njia. Huzunguka, hugeuka, hulala, kisha huamkia upande usioutazamia. Suleimani alikuwa ameshika usukani. Alitamka kwamba upepo ule ni kusi, na kwamba wazee wake wangeutambua wakiwa wamefumba macho. Lukasi, aliyekuwa akikumba maji yaliyovuja mashuani kwa kopo la rangi, alisema kusi hilo limetoka Suma, limepita migombani kwake asubuhi, na lina harufu ya mbolea anayoifahamu.

"Mtu wa migomba atajua nini habari ya upepo?" Suleimani akasema.

"Ajuacho mtu wa cherehani, Fundi. Wewe hata maji ya kisima unayapita kwa mbali."

"Kumba maji, mwanachama. Humu ndani mwenyekiti ni mimi. Kazi yenu ni kukumba maji, kazi yangu ni kukaa kwenye kivuli cha tanga na kuwaambia tumefika."

Tulicheka mpaka mashua ikayumba. Upepo ukageuka, ubao wa tanga ukapita juu ya vichwa vyetu na kumvua mwenyekiti kofia yake. Ikaelea. Hakuna kati yetu aliyemhurumia.

Mashua yenyewe ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba la chai. Nilikuwa mtunza bustani wake, na Jumapili alinichukua ziwani nimkumbie maji. Alipoondoka, mwaka wa pili baada ya Uhuru, aliiacha pale majanini ikiwa imepasuka ubavuni. Lukasi, fundi seremala, aliiziba kwa mbao za mvule na lami. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na hoja ya kuwa nahodha. Mimi niliwahi kuipanda, Lukasi aliifufua, na Suleimani alikuwa na damu ya pwani. Hoja hizo tulizibishania kwa miaka tisa na hazikuamuliwa. Jina pekee ndilo lililopita bila kura. Suleimani aliiita Biubwa, jina la mkewe, akidhani atamfurahisha. Bibi Biubwa aliuliza kwa nini kitu kinachovuja ndicho kilichopewa jina lake.

Tulikuwa na sheria moja. Ndani ya mashua, kila mtu aliruhusiwa kumsema mwenzake lolote: ukoo wake, dini yake, upishi wa mkewe, kazi yake, hata serikali yake. Lakini kabla ya kukanyaga nchi kavu, kila mmoja aliteka maji ya ziwa kwa kiganja, akasukutua kinywa na kuyatema. Yaliyosemwa yalibaki humo majini. Sijui nani alianza. Najua tu kwamba hapakuwa na Jumapili tuliyosahau, na kwamba tulirudi Tukuyu kwa baiskeli tukiwa watu wapole, tukiitana fundi, balozi na bwana karani.

Bwana karani nilikuwa mimi, na cheo hicho sikupewa na mtu. Sikuona aibu kuanza a, e, i, o, u nikiwa na ndevu. Kwa miaka minne nilikwenda darasa la jioni baada ya kazi, viatu vikiwa na matope ya mashamba ya watu, nikatoka hapo nikiwa na uwezo wa kusoma gazeti lote, hata matangazo ya vifo. Wakaniajiri kuandika uzito wa majani ya chai. Nilinunua kamusi, kalamu ya wino na shati jeupe. Nayasema haya kwa sababu bila hayo jambo lenyewe halieleweki.

Mwaka 1973 alikuja bwana mmoja mgeni kukagua mali zilizoachwa na wakoloni. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na kila kitu, tangu mashine ya kusaga hadi toroli, kilitafutiwa mwenyewe mpya. Alisikia habari za mashua. Akaambiwa pia kwamba pale kwenye mizani ya chai yupo mtu mwenye mwandiko mzuri. Aliniita, akaniomba nimwandikie kwa ufupi nani anaitumia na kwa namna gani.

Kwa ufupi. Nilimwandikia kurasa sita.

Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba mwandishi mwaminifu haongezi wala hapunguzi. Nami nilitaka bwana yule aone kwamba mashua ile ilikuwa ya ujamaa kabla ya ujamaa wenyewe: Mwislamu mmoja na Wakristo wawili, fundi, mkulima na karani, hakuna bwana wala mtwana. Nilitaka pia aone kwamba naweza kuandika. Kwa hiyo nikaeleza ziwa, nikaeleza tanga lenye maua, na ili taarifa iwe hai nikatia maneno ya Suleimani kuhusu mwenyekiti na wanachama, neno kwa neno, ndani ya alama za kufungua na kufunga usemi. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti mara mbili. Niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza kwa mikono yangu.

Wiki mbili baadaye tuliitwa mkutanoni. Bwana yule alisimama na karatasi mkononi, akasema yupo mtu hapa Tukuyu ambaye hana shamba, halimi, hajengi taifa, na siku za mapumziko hustarehe katika mashua ya mkoloni akiwadhihaki viongozi. Kisha akasoma. Maneno ya Suleimani, yaliyotuyumbisha kwa kicheko, yalitoka kinywani mwake makavu kama maganda. Hapakuwa na upepo ndani yake, hapakuwa na kofia iliyoelea. Aliongeza kwamba habari hizo zimetoka kwa mtu aliyekuwa naye humo humo majini.

Nilikuwa mstari wa tatu, na shati langu jeupe.

Suleimani aliulizwa kama ni kweli alisema. Mtu yeyote mwingine angekana. Yeye aligeuza kichwa polepole, akanipita mimi, macho yakamfikia Lukasi. Lukasi alikuwa balozi wa nyumba kumi, na wiki ile watu walimwona akiingia ofisini mara tatu. Alikuwa anatengeneza rafu za mafaili.

"Nilisema," Suleimani akajibu. "Lakini nilikuwa nawaambia ndugu zangu."

Nilikuwa na muda wa kusimama. Nimeupima muda huo kwa miaka mingi, na naweza kukuhakikishia kwamba ulitosha. Sikusimama.

Uamuzi ulikuwa kwamba mtu asiye na shamba hawezi kubaki mjini akishona kaptula. Alitakiwa kuhama ndani ya siku kumi na nne, akalime kijijini. Aliomba aende kwa watu wa babu yake upande wa Lindi, wakamkubalia. Mashua ilichukuliwa ikavushe watu mahali pengine. Nasikia haikufika, iliozea njiani juu ya mawe, uani kwa mtu.

Siku ya kuondoka, cherehani ilifungwa kwa blanketi na kupakiwa kwenye lori kabla ya vyombo. Binti yake Zakia, aliyekuwa na miaka minane, alikalishwa juu ya magodoro. Lukasi alikuja na mkungu wa ndizi begani, ameubeba kwa miguu kutoka Suma, jasho linamtoka. Aliuweka chini, akanyoosha mkono. Suleimani aliutazama mkono ule kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine, akaupita. Akaja kwangu. Alinikumbatia hadi nikasikia pengo la meno yake shavuni.

"Wewe ndiye ndugu niliyebaki naye huku," akasema.

Nikamjibu safari njema. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo, mimi mwenye kamusi.

Lori lilipokwisha kuteremka, Lukasi aliuinua mkungu wake tena. Hakuwa mtu wa hasira. Alisoma madarasa mawili tu, na Kiswahili chake kilibeba Kinyakyusa chote kilichotoshea. Tulitembea pamoja mpaka njia panda ya Suma. Hapo akasimama.

"Ackson, mimi siwezi kuandika kurasa sita," akasema. "Nikimwambia ni wewe, ataona najitetea. Kwa hiyo mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikamwambia nitamwandikia. Na nilimwandikia, bwana, nilimwandikia mara nyingi. Lakini kila nilipofika mahali pa kusema jambo lenyewe, kalamu ilipata habari nyingine: mvua, bei ya ndizi, nani kaoa. Barua za Suleimani zilikuja mara moja kila mwaka, mwezi wa kwanza, kwa mwandiko wa Zakia uliokuwa ukikomaa mwaka hadi mwaka. Alikuwa amepata shamba la mihogo. Alikuwa ameiona bahari. Alisema ina kelele na haina adabu, na kwamba hajaingia. Mwisho wa kila barua palikuwa na mstari uleule: salamu kwa wote huko isipokuwa yule.

Lukasi alikuwa akiniuliza, kila mwaka, kama fundi hajambo. Nilimsomea barua yote, nikiuacha mstari wa mwisho. Nadhani alijua kwamba upo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anaparua ubao kwa ukucha, halafu akasema ndaga, asante, na kurudi kwenye randa yake. Hakuniuliza hata siku moja kama nimekwisha kumwambia. Ningeweza kumvumilia mtu anayeuliza.

Miaka ishirini na tisa. Katika muda huo nilipanda hadi mkuu wa makarani, nikasomesha watoto watano, nikaombwa kusoma risala mbele ya wageni. Watu hunisifia kwamba sina doa. Lukasi alichongea nusu ya mji vitanda na majeneza, akafa mwezi wa nne mwaka huu, kwa ugonjwa wa kifua. Nilikaa naye siku mbili za mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, na nilikuwa na maneno mazuri. Alikuwa amelala. Alipoamka aliomba uji, akanywa vijiko vitatu, akaniuliza kama barua ya fundi imekwisha kufika mwaka huu. Nikamwambia bado. Akasema labda mvua imeharibu barabara.

Tulimzika Suma, katikati ya migomba yake. Tusekile, mjane wake, alinishukuru mbele ya watu kwa urafiki wangu.

Barua ilifika siku kumi na sita baadaye. Zakia aliandika kwamba baba hatoki tena kitandani, na kwamba haya anayoyaandika ameagizwa ayaandike kama yalivyotamkwa. Yalikuwa machache. Suleimani alisema amekaa sana na hasira na imemchosha, na yule Lukasi alikuwa mtu mwema kabla ya siku ile moja. Alisema: mwambie nimemsamehe. Mshike mkono kwa niaba yangu, maana mimi niliukataa.

Niliisoma nimesimama. Halafu nikaketi, nikaisoma tena, nikaona kwamba mkono unaotakiwa kushikwa haupo, na mtu aliyesamehewa hakukosa.

Nimeandika jibu kwa siku nne. La kwanza lilikuwa na kurasa saba na lilianza na Uhuru. La pili lilieleza mazingira ya wakati ule. La tatu lilikuwa zuri sana; nilipolisoma kwa sauti nikajisikia nikijisikiliza, nikalichana. Jana mchana nilichukua karatasi moja, upande mmoja tu, nikaandika kama mtu aliyejifunza kuandika wiki iliyopita. Ndugu Suleimani, Lukasi amefariki. Hakusema neno juu yako. Niliyeandika karatasi ile ni mimi, Ackson. Alijua, akanyamaza. Mkono wako haukupata mtu. Zakia, mwanangu, msomee baba yote, usiruke mstari.

Nilifikiria kama ni halali kumpelekea mgonjwa jambo kama hili. Nilifikiria hivyo kwa muda mrefu, mpaka nikagundua kwamba ni fikra ile ile ya miaka ishirini na tisa, imevaa koti jipya tu. Nikaikunja karatasi mara mbili, nikaitia ndani ya bahasha, nikalamba gundi, nikaibana juu ya meza kwa kiganja nikihesabu hadi mia.

Asubuhi hii nilishuka posta. Binti wa dirishani aliipima, akaibandika stempu mbili, akauliza kama iende kwa rejista. Nikasema ndiyo. Akagonga muhuri, akaitupa kwenye gunia pamoja na za watu wengine, akaniomba nisogee kidogo ili anayefuata apite.