Aliyelala Juu ya Vigae

Mama Ngazi alijifunga kamba ya usalama kiunoni, akapanda na brashi na mpira wa mashine yake ya maji, akaanza kuosha paa upande wa barabarani. Kuvu lilikuwa limetanda kama zulia. Kila alipoelekeza mpira wa maji, vigae vilirudia wekundu wake na maji meusi yakateremka ukutani. Alipofika katikati alikuta mguu. Akapunguza maji, akaosha taratibu, mpaka akatokea mwanamume mzima, amelala chali, mikono kisogoni.

"Samahani, kaka. Nimekulowesha."

"Endelea tu. Mvua nimeshaizoea."

"Mbona umesimama?" mwenye nyumba aliuliza kutoka uani. Alitarajia wageni Jumamosi na alitaka nyumba ing'ae.

"Marehemu kaka yako yuko huku."

Mwenye nyumba alijikuna shingo. Kaka yake ndiye aliyeijenga nyumba hiyo. Alipofariki, msiba haujapoa, mdogo mtu alihamia na mizigo yake, akamtoa shemeji yake na mtoto.

"Mwambie ashuke."

"Nitashuka mke wangu na mwanangu wakirudi ndani," marehemu alijibu, bila kupandisha sauti.

"Basi mpige na maji, atabanduka."

"Mashine yangu ni ya kuondoa kuvu," Mama Ngazi alisema. "Ndugu zako utawaondoa mwenyewe."

Mwenye nyumba aliitazama ngazi, akakitazama kimo cha paa, akaingia ndani kunywa chai.

Mama Ngazi aliosha akimzunguka. Kwenye visigino, ambako kuvu lilikuwa limegandamana, alimsugua kwa brashi ndogo, naye akajizuia kucheka. Kazi ilipokwisha alipitia kwa mjane, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kituo cha mafuta.

"Mumeo yuko juu ya paa. Ametakata."

Mjane alikuwa akianika nguo. Alimalizia shuka lililobaki, akamvalisha binti yake viatu.

Walisimama barabarani, kwa kuwa lango lilikuwa na kufuli. Marehemu akaketi.

"Umekonda," alimwambia mkewe.

"Wewe je?"

Binti alijibana kwenye nondo za lango, akapanua mdomo kumwonyesha pengo la jino.

"Nimeliona," baba yake alisema. "Pengo la maana hilo."

"Baba, utarudi nyumbani lini?"

"Mimi nipo nyumbani, mama. Nawangoja ninyi."

Walikuja kila jioni. Siku ya Jumamosi walikuta wageni wakiwasili. Mgeni mmoja alishuka garini, akalisifu paa, akauliza yule aliyeketi juu ni nani.

"Kaka yangu," mwenye nyumba alisema. "Ndiye aliyejenga."

"Alikuwa na mkono mzuri," mgeni alisema, akampungia. Marehemu naye akampungia.

Kisha mjane na binti wakaombwa wasogee kidogo, magari yapate kupita. Wakasogea. Lango likafunguliwa, magari yakaingia, likafungwa.