Mkunjo Juu ya Bawa la Kushoto

Ndege ilikuwa juu ya vichwa vya watu thelathini na wawili, na wote niliwaalika mimi.

Idadi niliijua kwa sababu viti nilivipanga kwa mikono yangu, mistari minne kwenye kiwanja cha nyuma ya shule, vingine vya kuazima, vingine vimefungwa miguu kwa kamba. Mstari wa mbele alikaa mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa, na mto wake mgongoni. Ubavuni mwake alikaa mdogo wangu, mimba ya miezi minane, viatu kavua, anajipepea kwa kifuniko cha boksi. Na juu yao inapita ile ndege ya rimoti, nyekundu, mabawa yake mapana kuliko kitanda changu, uzito wake kama mtoto wa miezi sita, injini inanguruma na pangaboi linakata hewa. Watu wanapiga makofi. Na mimi napiga, meno yote nje.

Ndani ya bawa la kushoto mlikuwa na shimo. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Mimi ni dobi. Kibanda changu kina meza moja, pasi mbili, na mabenchi mawili ambayo hayajawahi kupoa. Mtu analeta shati moja anakaa saa nzima, na mimi ndivyo nipendavyo. Nyumba isiyo na watu naiona kama sufuria isiyo na chakula. Jina walilonipa ni Gazeti. Sikulikataa. Siri ya mtu haikuwahi kukaa kwangu hadi chai ikapoa.

Mume wa mdogo wangu ni kinyume changu. Fundi redio, maneno yake unaweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Miezi saba aliijenga ile ndege chumbani kwao, mke akilalamika kwamba analala na mabaki ya maboksi. Watu wakamcheka, wakamwita Rubani wa Chini. Mabawa aliyachonga kwa waya wa moto kutoka kwenye povu jeupe gumu, lile linaloikumbatia televisheni mpya ndani ya boksi lake. Akayapiga msasa mpaka yakawa laini kama shavu. Akachimba mfereji kuanzia shinani hadi nchani, akalaza ndani yake uti wa mbao, akaugandisha. Kilichobaki kilikuwa nguo: plastiki nyekundu, nyembamba, yenye gundi upande wa chini, ambayo ikipigwa pasi hunata na kujikaza yenyewe.

Akayaleta mabawa kibandani, na plastiki hiyo kaikumbatia imeviringishwa, kama anabeba mgonjwa. "Shemeji," akasema, "mkono wa pasi hapa mtaani ni wako."

Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Alinifundisha siku moja tu. Povu haliogopi ngumi kama linavyoogopa moto. Pasi ivalishwe soksi ya pamba. Kitufe kiwe chini kabisa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Anza katikati, sukuma hewa kuelekea kingoni, usisimame mahali. "Povu ndilo linaloushika uti," alisema huku akigonga kwa ukucha. "Povu likiondoka, uti ni fimbo tu." Nikaelewa. Bawa la kulia nikalivalisha asubuhi nzima bila kukohoa.

La kushoto nililivalisha mchana, na mchana ndiyo saa ya wageni. Fundi cherehani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akaingia na suruali ya kitani ya mteja anayesubiri mlangoni, na mdomoni kaingia na habari kubwa kuliko suruali. Pasi yangu ya pili ilikuwa imekatika waya. Nikaivua soksi ile niliyokuwa nayo, nikapandisha kitufe hadi mwisho, nikanyoosha suruali huku nasikiliza nani kamkimbia nani na kaacha nini. Nilicheka mpaka nikashika meza. Suruali ikaondoka. Nikairudishia pasi soksi yake, nikarudi kwenye bawa.

Kitufe sikukirudisha.

Plastiki ilijikaza vizuri ajabu. Ikang'aa. Mkunjo ulionisumbua tangu mwanzo ukapotea kama uongo, nami nikasimamisha mkono pale pale kuufurahia. Kisha harufu ikapanda, tamu kidogo, ya kuungua. Nilipoinua pasi hapakuonekana kitu. Hapakuwa na sehemu ya bawa lile iliyopendeza kama pale. Nikagonga kwa ukucha. Kwingine kote bawa lilijibu *tap*. Pale likaitika kama ngoma.

Nikabonyeza. Kidole kikazama hadi kucha, plastiki ikakirudisha. Chini yake povu lilikuwa limenywea, limekimbia kutoka ubavuni mwa uti, kiganja kizima. Ule uti ulikuwa umekaa hewani kama daraja lisilo na nguzo.

"Vipi, mwenzangu?" fundi cherehani akauliza. "Mbona umenyamaza? Gazeti limekosa karatasi?"

"Nimeungua kidole," nikasema.

Jioni ile shemeji akaja kuyachukua mabawa. Akapitisha kiganja polepole, macho kafumba, kama mtu anayesoma. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, yako kwenye ulimi. Kiganja kikafika pale penye shimo, kikatulia, kikapapasa tena. Akafumbua macho. "Hapa," akasema, "ndipo ulipopatia kuliko kote."

Maisha yangu yote nimesifiwa mdomo. Mikono hakuna aliyewahi kuisifu. Ni ya kunyoosha suruali za watu. Nikayameza yale maneno yangu.

Siku tatu. Nikawa naunguza kola. Nikawa nasalimiwa mara mbili ndipo naitika. Na ninachokumbuka kwa aibu kuliko vyote ni kwamba kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyoalika. Kila aliyekanyaga kibandani nilimwambia: Jumamosi, kiwanjani, usikose, njoo na wako. Nilikuwa nasema na kusema ili lile moja lisipate nafasi ya kutoka. Mwenye mimba nilimwambia akae mbele apate upepo. Bi Mkubwa nilimpelekea mto mwenyewe.

Basi ndege ikawa juu. Shemeji kasimama pembeni ya viti, rimoti kifuani, mimi nyuma ya bega lake la kushoto. Ilipaa vizuri, ikazunguka vizuri, na moyo wangu ukaanza kunidanganya kwamba huenda nililipima vibaya. Ndipo fundi cherehani akasimama kwenye kiti.

"Rubani wa Chini! Leo uko juu! Ipindue basi, tuone tumbo lake!"

Viti vyote vikaitikia: ipindue, ipindue. Nikamwona shemeji anatabasamu. Mtu ambaye miezi saba kachekwa, sasa anashangiliwa.

"Haya," akasema taratibu. "Nawapindulia."

Kidole gumba kikaanza kusogea.

"Shemeji, bawa lina shimo."

Sikujua kama nimesema au nimewaza. Yeye hakugeuka; anayerusha hageuki, akipoteza ndege machoni imepotea. Lakini kidole kilisimama.

"Bawa lipi?"

"La kushoto."

"Wapi?"

"Kiganja kimoja kutoka mwilini. Niliunguza. Uti hauna pa kuegemea."

Niliona jasho likimtoka nyuma ya sikio likishuka shingoni. Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza tangu lini. Ndege ilikuwa inakuja tena upande wa viti.

"Mdomo unao," akasema. "Waondoe."

Nikapiga kelele ambayo koo langu halijawahi kuipiga. Wakacheka kwanza, walidhani ni utani wangu. Nikashika kiti cha kwanza nikakimwaga na mtu wake. Hapo wakaelewa. Viti vikaanguka, watu wakakimbilia ukutani, mdogo wangu kashikwa makwapa na wanawake wawili, anakimbia peku na mkono chini ya tumbo. Bi Mkubwa hakutikisika.

"Niliambiwa nikae hapa," akasema. "Sasa naondoka kwa amri ya nani?"

"Mama, nakuomba."

"Hukuniomba kuja. Uliniamuru."

Nilimbeba. Sijui nilimbebaje, ni mwanamke mzito. Aligombana nami njia nzima hadi ukutani, na mto wake ukaangukia nyasini.

Niliporudi, shemeji alikuwa anaizungusha ndege duara kubwa, chini chini, juu ya nyasi tupu. "Nguvu siwezi kuipa," akasema, "na nikikata kona linakatika. Silioni vizuri. Wewe unaliona?"

Nililiona. Mimi mkunjo wa shati nauona mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Ndege ilipoinama kugeukia kwetu, pale palipokuwa pananing'aria, ukatokea mstari mwembamba kama unywele.

"Pamekunjika."

"Juu ya bawa au chini?"

"Juu."

Akalegeza kona. Ndege ikanyooka. Mstari ukafutika.

"Umetoka," nikasema.

"Endelea kuniambia."

Tukaizungusha hivyo, yeye vidole, mimi macho. Umekunjika. Umetoka. Umekunjika, unaongezeka, legeza, legeza, umetoka. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama kifuniko cha sufuria, lakini haikusimama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisema tu kile kilichokuwepo, neno kwa neno, bila chumvi. Mara ya mwisho mkunjo ukatokea na haukufutika. Ukawa miwili.

"Haufutiki, shemeji."

Akakata injini.

Kiwanja kikawa kimya, ukasikika upepo tu kwenye plastiki. Ndege ikashuka, magurudumu yakagusa nyasi, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikapita katikati ya viti vilivyoanguka, ikaenda kusimama pua yake ikiegemea mto wa mama yangu.

Shemeji akaiendea polepole. Akachuchumaa. Akashika ncha ya bawa la kushoto kwa vidole viwili, kama unavyoinua kona ya shuka, akainua. *Krak.* Bawa likakunjika, likabaki limeshikwa na ile plastiki yangu nyekundu peke yake.

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu, ukutani, alianza kulia, kisha wanawake wakalia naye. Shemeji akaninong'oneza bila kunitazama:

"Siku tatu, Gazeti."

Mwezi ule ule alizaliwa mtoto wa kike, mzima, na wiki mbili baada ya hapo shemeji akaja kibandani na bawa jipya la povu. Akaliweka mezani. Juu yake akaweka penseli.

Ndivyo tunavyofanya hadi leo. Nikimaliza sehemu nailegeza plastiki kwenye ukingo, naandika juu ya povu: hapa pasi ilisimama, hapa nilikuwa nacheka, hapa pabonyezwe. Anakuja, anasoma, anabonyeza. Akiridhika anasema, "Funika." Nafunika, na maneno yangu yanabaki humo ndani, hayasomwi na mtu mwingine.

Wiki iliyopita nilimaliza bawa la kumi na moja. Mabenchi yamejaa, stori imenoga, fundi cherehani kafika palipo patamu. Nikashika penseli, nikatafuta cha kuandika, sikukipata. Bawa zima linang'aa.

Nikazima pasi. Nikawaomba wanyamaze, na walivyonitazama ungedhani nimewafukuza. Nikaweka kidole gumba shinani, nikaanza kubonyeza upya.