Duara la Mawe

Uchovu wa Garissa mwaka ule wa 1966 haukuwa wa kulala ukaisha. Kafyu jioni, msako alfajiri, na katikati ya hayo eti Mwalimu Loise afundishe wasichana uskauti! Moto wa kambi ulikatazwa, filimbi ikakatazwa, kulala hemani ndiyo usiseme. Zilibaki alama za njia: mawe yaliyopangwa mshale, yaani piteni huku, duara lenye jiwe moja katikati, yaani nimekwenda nyumbani, msinitafute.

Kundi lilikuwa la mabinti wa watumishi wa serikali kutoka bara, isipokuwa Arbia. Huyo alipatikana kwa kubembeleza. Loise alikunywa chai nyingi kwa baba yake, mzee Abdille, kule mtaa wa Galbet, hata akakubaliwa. Bila Arbia, alijiambia, hili si kundi la Garissa, ni wageni wanaojichezea.

Jumamosi Arbia alipanga mishale kutoka shuleni hadi Galbet. Wenzake waliifuata wakicheka, wakamkuta amejificha, wakarudi kunywa uji. Hakuna aliyekumbuka kuyatawanya mawe, hata Loise mwenyewe.

Alfajiri askari wa doria wakayaona. Mishale imeelekea Galbet, nani ameiweka kama si shifta, wale waasi wa porini? Wanaume wa mtaa mzima wakakalishwa juani, mikono kichwani. Loise aliposikia alikimbia huko, akamweleza afisa, akamweleza tena, akapanga mshale mwingine mbele ya buti zake. Afisa alimtazama kama mgonjwa wa malaria anayeweweseka. Adhuhuri ndipo akawaachilia.

Mzee Abdille aliinuka kwa shida, midomo imempasuka.

"Mwalimu, wewe mtu mzuri," alisema. "Lakini mchezo yako, kwa sisi nakuwa kesi. Wallahi, mimi nimechoka."

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu. Usimtoe Arbia."

Mzee alijifuta vumbi, akaenda zake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu dawati la Arbia lilikuwa tupu. Loise alifundisha hesabu huku roho ikimuuma, macho mlangoni. Jioni, kafyu ikikaribia, akatoka kufunga darasa.

Chini ya kizingiti palikuwa na duara dogo la mawe, limepangwa kwa uangalifu, na jiwe moja katikati.

Loise alichuchumaa akalitazama mpaka macho yakamlowa. Kisha akaanza kuyatawanya, jiwe moja moja, maana doria ilikuwa karibu kupita.