Maswali ya Fundi Yahaya kwa Daktari

Mimi Yahaya, fundi wa magari wa Buyenzi, sinunui kipuri bila kukifunga kwanza kwenye gari. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya: unajaribu, kikikataa unarudisha. Kwa hiyo niliposikia kwamba ng'ambo wamekubali dawa mpya ya sclérose, huu ugonjwa wa neva unaonila polepole mwaka wa tisa sasa, nilimfuata Dokta Adélaïde kliniki kwake Mutanga Nord na maswali yangu ya dukani.

"Nani ameshatembea nayo? Kilometa ngapi? Isiponifaa, narudisha?"

Dokta alicheka mpaka akavua miwani. Mke wangu Houda, aliyenisindikiza, hakucheka.

Houda ndiye anayekaza bolti siku hizi, mimi nimekaa kitini naelekeza kwa fimbo. Wateja wanadhani nina majivuno, nami nawaacha wadhani hivyo. Ila kurekebisha valvu nilikuwa sijamwachia. Valvu ni kazi ya vidole: unapitisha kibati chembamba kupima nafasi yake, unasikia kinavyokwaruza. Vidole vyangu havisikii tena hata moto wa chai, lakini kila alipoomba nimfundishe nilimwambia, "Apana. Ngoja dawa ifike, mi mwenyewe nitazifanya." Gari tatu zilikuwa zikiingoja dawa hiyo uani, na wenyewe hawana habari.

"Mzee Yahaya," Dokta akasema, "dawa hii inapunguza mwendo wa ugonjwa, tena kwa baadhi ya watu. Kwetu haijafika. Ikifika, tutapima ini lako kwanza, maana inaweza kuliumiza, na tutaendelea kulipima. Kama wewe itakufaa, sijui bado."

"Na vidole?"

"Vilivyokwenda haitavirudisha."

Iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyowashangaza watu. Nikamwambia muuza vipuri anayejibu hivyo Buyenzi atafunga duka.

"Bahati nzuri siuzi," akajibu.

"Basi niandike jina, ikifika nipate. Kilichobaki nakitaka."

Tukarudi nyumbani.

Asubuhi nikamwita Houda uani, nikamtia kibati mkononi. "Vuta polepole, Mama Faruk. Kikigoma kidogo tu, hapo ndipo."

"Mi najua," akasema.

"Umejulia wapi?"

"Hizo gari mbili za nyuma nilizimaliza wiki jana, ulipokwenda kuswali Ijumaa. Nilikuwa nakuangalia miaka yote, we ulidhani natazama nini?"

Nikawasha moja. Injini ikaitika papo hapo, laini, safi kuliko kazi yangu ya ujanani. Nilinuna mpaka adhuhuri, kwa sababu nilitaka kulia na wateja walikuwepo.