Makala Yenye Kunywa Bulu

Mbele Yasmine afike, mutu akisema "makala" mu atelier yetu ya Butembo, alikuwa anasema Kasika. Na Kasika ni mimi. Siko najisifu, ulizeni. Tunafinyanga nyungu za kuchuja maji ya kunywa, na ndani ya kila nyungu tunatia makala. Si makala ya kupikia bugali, hapana. Hii inachomwa pole pole mu pipa yenye kufungwa, kisha inapigwa na muvuke mupaka inatoboka ndani bitundu bidogo bidogo sana, jicho ya mutu haiwezi kubiona. Bile bitundu njo binakamata buchafu. Chef wetu, Apollinaire, anapenda kuambia bageni kama gramu moja tu ya makala muzuri, ukiweza kukunjua bitundu byake byote sawa shuka, inaweza kufunika uwanja muzima wa basket. Bageni banashangaa. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake na blouse yangu nyeupe, ile koti ya kazi, nafurahi sawa banasifu mutoto wangu.

Basi Yasmine akashuka ku Fuso ya baba yake.

Baba yake, mzee Jumaine, ni transporteur wa Beni, mutu wa heshima, anajulikana njia yote mupaka Kasindi. Alituletea binti yake na magunia mbili ya maganda magumu ya mbegu ya ngazi, ile inabakia kisha batu kukamua mawese. Mvua ilikuwa imenyesha, Butembo yote ilikuwa matope, na ule mutoto akashuka na mushungi ya kijani na kiatu safi. Safi kabisa! Mutu anatoka Beni, anavuka ile mashimo yote ya njia, anafika sawa anatoka ku duka. Tangu pale roho yangu ilikataa.

"Yaya Kasika," akaniambia, "chef anasema weye njo utanifundisha."

Yaya! Nani alimwambia mimi ni mukubwa wake? Lakini chef alikuwa anaangalia, nikacheka. Nikasema karibu sana, mudogo wangu. Meno tu njo ilicheka.

Na alifunzika upesi, hiyo njo ilikuwa mubaya zaidi. Angekuwa mujinga ningemupenda. Mimi nachoma eucalyptus ya ku Musienene, muti naijua tangu utoto, mama yangu alikuwa anaiuza siku ya soko. Yeye na maganda yake ya ngazi, kisha muda mufupi tu, akaanza kutoa makala nyeusi yenye kungaa, inalia kiin! ukiiangusha ku sahani. Chef akaikamata ku mukono, akaigeuza geuza, akasema: "Mais, Yasmine!" Tu vile, sawa mutu ameona muujiza. Mimi miaka yote ile, hakuna siku aliniambia "Mais, Kasika."

Ata bwana yangu. Muyisa ni motari, anabeba batu na pikipiki, na kila magaribi anakuja kunichukua ku mulango ya atelier. Siku moja Yasmine akamusalimia, akamuuliza habari ya batoto, akamupatia mandazi mbili. Tukafika nyumbani, tuko mezani, Muyisa anasema: "Ule mutoto wa Beni iko na heshima sana."

Nikavuta sahani yake ya maharagi nikairudisha ku sufuria.

"Eh! Ni nini?"

"Kula heshima," nikamwambia.

Sasa sikilizeni vile maneno ilikuja. Chef alikuwa ameandikia université moja ya Kampala, juu bako na machine yenye kupima bitundu yenyewe. Banatia makala mu baridi yenye kupita barafu mara mingi, kisha banaachilia gaz. Ile gaz inaingia, inajipanga ku kila ukuta wa kila kitundu, na machine inasema: bitundu ni bingapi, upana wake ni gani, na byote bikikunjuliwa binafunika fasi gani. Kampala bakajibu ndiyo. Lakini makala moja tu. Na mwenye makala anaenda nayo, banamufundisha ile kazi, na akirudia Butembo yeye njo anakuwa mukubwa wa labo, ile chumba ya kupimia.

Mimi nilikuwa na passport. Nilikuwa nimekwisha kuambia chorale yote ya kanisa. Mama yangu kule Musienene alikuwa amekwisha kuambia soko yote kama binti yake anaenda Uganda kusoma mashimo ya makala, na batu balikuwa banamucheka kidogo, na yeye anaona ni furaha yao. Labo ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekwisha kuchagua fasi ya kutundika blouse yangu.

"Tutapima na bulu," chef akasema. "Makala yenye kukunywa zaidi njo inaenda."

Kwetu hatuna machine ya gaz. Tuko na maji ya bulu, ile dawa yenye inapaka mukono rangi juma nzima. Unapima gramu moja ya makala kavu, unaitia mu chupa na maji, kisha unaacha bulu ishuke kidogo kidogo kutoka mu burette, ile muti ya kioo yenye kupigwa mistari. Unatikisa, unangoja. Bulu inapotea, makala imeinywa. Unaongeza. Siku maji inakataa kuwa nyeupe tena, makala imeshiba, na unasoma ku mustari imekunywa ngapi. Yenye bitundu mingi inakunywa mingi, hakuna siri. Na kwetu kuko kanuni: hakuna mutu anapima makala yake. Unapima ya mwenzako, na mwenzako anapima yako, bote banaangalia.

Yasmine akapima yangu. Ikasimama ku makumi tatu na moja.

Mimi nikapima yake. Mungu wangu, vile nilikuwa naomba ile maji ibakie bulu! Makumi mbili ikapita. Makumi mbili na tano ikapita. Ku makumi tatu ikasimama.

Makumi tatu! Nilikuwa nimeshinda. Kwa mustari moja, lakini kushinda ni kushinda. Mutu mwenye akili angevua blouse, angeenda nyumbani kupanga valise. Na mimi ningeenda, naapa, kama batu bangefunga kinywa. Lakini chef akapiga mikono, akageukia nani? Yasmine.

"Makumi tatu! Juzi tu ulikuwa hujue ata kuwasha pipa! Félicitations, kabisa." Na atelier yote ikapiga mikono. Bafinyanzi bote, na udongo ku bidole, pa pa pa! Kisha njo akanikumbuka. "Kasika, bon. Weye tulijua."

Tulijua. Nimeshinda, na makofi iko inaenda ku mwenye kushindwa. Yasmine anacheka na haya, anainamisha kichwa, na bote banaona haya ile ni muzuri. Wivu ilinipanda mupaka ku masikio. Sikutaka tena kumushinda kwa mustari moja. Nilitaka ile makumi tatu yake ianguke, ipasuke, batu barudishe makofi yao mu mifuko.

Nikachukua chupa ingine, yenye makala yake kavu ilibakia, nikaiinamisha ku dirisha. Na nikaona. Mu ile weusi, bipande bidogo byekundu.

"Hii ni nini?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilitaka.

Yasmine akakaribia. "Ni udongo, yaya. Mimi nafunga kifuniko ya pipa na udongo mwekundu, moshi isipate njia. Kwetu mama anafunga vile sufuria ya pilau, na unga. Udongo ikikauka inapasuka, kidogo inaanguka ndani."

"Kidogo!" Nikageukia bote. "Mumesikia? Makala yake ni matope! Udongo inakunywa, hamujue? Nyungu zetu ni za nini? Si za udongo? Si zinakunywa maji mupaka zinatoka jasho? Sasa ile makumi tatu, ni makala ilikunywa ao ni udongo?"

Bafinyanzi bakaangaliana. Kitu ile ilibaingia kabisa, juu sisi bote pale tunaishi na udongo, tunaiona kila siku vile inafyonza maji. Ata chef akakuna kichwa.

"Kasika," akasema, "weye umekwisha kushinda. Acha."

"Hapana. Ioshwe na ipimwe tena. Batu bajue banapigia nini mikono."

Muyisa alikuwa amefika, anasimama ku mulango na kofia ya pikipiki ku mukono. "Muke wangu," akaniita pole pole, "si umeshinda? Twende."

"Ngoja hapo!" nikamwambia. Na akangoja.

Yasmine alikuwa na machozi ku jicho. Nasema ya kweli, ile machozi ilinifurahisha kuliko ushindi. Akasema: "Aioshe. Aioshe yeye mwenyewe."

Nikaiosha mimi mwenyewe. Na kama kuko kazi najua, ni ile. Unatia maji, unazungusha, makala inakaa chini, udongo inabakia juu na maji, unamwanga. Maji ya kwanza ilitoka nyekundu sawa soda ya grenadine. Ya pili, nyekundu. Nikaonyesha kila mutu beseni. Niliosha mupaka maji ikatoka safi, mupaka hakuna kipande kimoja. Kisha nikaitia mu four, ile tanuru ya kukaushia, ikauke, na nikaiacha humo kuliko kawaida, juu makala yenye maji inakuwa nzito na mutu anaweza kusema Kasika alipima maji. Sikutaka mutu apate neno ya kusema kisha Yasmine kuanguka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tulingoja Yasmine atoke ku musikiti, na bote bakakusanyika tena. Nikapima gramu moja mbele yao. Nikaachilia bulu.

Makumi mbili ikapita, nikatulia. Makumi mbili na tano ikapita. Nikaanza kutikisa kwa nguvu zaidi. Makumi mbili na nane, maji ikawa nyeupe sawa ya mvua. Makumi tatu: nyeupe. Nikaangalia chef, chef alikuwa anaangalia chupa. Makumi tatu na moja, ile yangu. Nikatikisa, nikangoja, nikaomba Bikira Maria waziwazi, na Bikira Maria akaacha bulu ipotee. Makumi tatu na mbili. Makumi tatu na tatu. Ku makumi tatu na ine njo maji ikabakia bulu.

Hakuna mutu alipiga mikono.

"Burette inadanganya," nikasema. Tukarudilia. Makumi tatu na ine.

Chef akakaa ku kiti, akapangusa miwani. "Kasika, udongo inakunywa maji, ndiyo. Mashimo yake ni makubwa, maji inapita. Lakini bulu inapima kuta za bile bitundu bidogo, na udongo yetu karibu haina. Ile udongo haikumusaidia Yasmine ata kidogo. Ilikuwa uzito tu. Ulipopima gramu moja, sehemu ilikuwa matope yenye haikunywi kitu. Sasa umeitoa, imebakia makala tupu." Akavaa miwani tena, akaongeza, na hiyo siwezi kumusamehe: "Umefanya kazi muzuri."

Nilitaka nife. Ao afe yeye. Ningeenda nyumbani jana, passport ilikuwa mu kabati, Muyisa alikuwa ku mulango ananiita! Makumi tatu kwa makumi tatu na moja, bote balikuwa bamekubali, na mimi na mikono yangu hii nikachukua makala ya ule mutoto nikaipandisha juu ya kichwa yangu.

Yasmine akanikaribia. Nilikuwa nangoja acheke. Angecheka ningemurukia ku mushungi, na bangenifukuza, na ingekuwa afazali. Hakucheka.

"Yaya," akasema, "Kampala banataka kilo nzima. Ile yote iko na udongo. Mimi nikiosha namwanga na makala. Utanisaidia?"

Bote bakaniangalia. Chef akaniangalia. Nikakunja mikono ya blouse, nikavuta beseni, nikakaa chini. Niliosha ile kilo yote, maji kisha maji, na siwezi kuosha mubaya, mikono inakataa. Nyekundu ikatoka, ikatoka, mupaka makala ikabakia inangaa mu maji safi, muzuri kuliko yangu, nasema mimi.

Yasmine alichuchumaa pembeni yangu, ananishikia ndoo. "Yaya, weye unajua bintu ya mbali. Kampala kuko namna gani? Kuko baridi?"

Kampala kuko joto, kila mutu anajua. Nikamwambia kuko baridi sana, achukue makoti yote iko nayo.