Namba Saba Mfukoni

Shemeji yake Mama Saba aliingia bila hodi, akalitupa shati mezani. Kwapa lilikuwa limefumuka na kola imejikunja, na lilikuwa limevaliwa mara moja tu, kwenye mahafali ya bintiye.

"Shemeji, hii ndiyo kazi yenu siku hizi?" alisema. "Haya, soma mwenyewe kilichokuwa mfukoni."

Kilikuwa kikaratasi kidogo: *Imekaguliwa na 7*.

Saba huyo alikuwa yeye, Mama Saba. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kwenye meza ya ukaguzi ya kiwanda cha mashati ya Korongo, akivuta mishono, akipima kola, na shati likipita analitilia kikaratasi mfukoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Saba, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Enzi za Korongo, bwana harusi aliyevaa shati lingine alionekana hajajiandaa kuoa. Sasa mitumba ilikuwa imelila soko, cherehani mia mbili zimebaki arobaini, lakini yeye alikuwa hajalegeza mkono hata kidogo. Shati hili hakulipitisha. Akamwapia shemeji yake hivyo.

"Basi kuna mtu anakupakazia," shemeji alisema, akaondoka na uso umekunjamana kuliko kola yenyewe.

Nani? Kwenye meza ile walikuwa wawili tu, yeye na mkaguzi namba nane. Yeye na Nane walikuwa wamekaa bega kwa bega miaka kumi na minne, wakagawana chai na umbea. Nani mwingine angeweza kuchomoa vikaratasi vyake na kuvitumia kupitishia uchafu?

Basi dhana ikaingia, na dhana ikishaingia haiombi ruhusa ya kukaa. Kikasha cha vikaratasi akakitia kufuli. Akienda chooni, anaondoka na mkoba. Nane akimsemesha, anajibu kwa shingo upande au hajibu kabisa. Nane akicheka, anajiuliza anamcheka nani. Nane akinyamaza, ndiyo kabisa, mwenye hatia huyo! Hata jinsi Nane alivyokata uzi, aliiona ina namna.

Wiki ya pili mwalimu wa jirani akaleta shati la pili. Vifungo vitatu vilikuwa vimedondoka, na mfukoni saba. Wiki ya tatu likaja la muuza mkaa. Watu waliokuwa wakimwita kwa sauti ng'ambo ya barabara sasa walimsalimia nusu mdomo, na jambo hilo lilimuuma vibaya.

Jumamosi alivipanga vikaratasi vyote vitatu dirishani, akivitazama kwa jicho la kazi. Yeye hugonga mhuri kwa mkono, na wino hauna adabu: leo namba imelala kulia, kesho imefifia. Lakini kwenye vitatu hivi saba ilikuwa imelala vilevile, na pembeni kulikuwa na doa la dole gumba, lilelile, mahali palepale. Dole lilikuwa lake. Hivi havikugongwa na mtu. Kuna mtu alichukua kikaratasi chake kimoja akakichapisha kwa maelfu.

Ndipo alipokumbuka. Miezi sita nyuma meneja alimwomba shati moja, lililo bora kuliko yote, la kuwaonyesha wageni. Alilichagua mwenyewe. Alilikagua mara mbili, akalipiga pasi, na kwa haraka ya furaha akatia kikaratasi kabla wino haujakauka.

Jumatatu aliingia kwa meneja na mashati yote matatu. Meneja hakukana.

"Kaa, mama. Jina la Korongo tumelikodisha. Kuna kampuni tatu za nje, zina ruhusa ya kushona na kubandika jina letu. Tuliwapa lile shati, tukawaambia igeni kila kitu. Wakaiga kila kitu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Wateja wa zamani wanakitafuta kile kikaratasi kabla hawajanunua." Meneja alikohoa. "Tena nilitaka kukuita. Kimeandikwa kwenye mkataba kama alama yao. Kuanzia mwezi ujao usigonge saba. Tukigonga sisi, watasema tunaghushi."

"Nigonge ngapi sasa?"

"Yoyote, mama. Chagua unayoipenda."

Alitoka bila kuaga. Miaka ishirini na miwili, halafu mwizi wa saba awe yeye!

Mezani, Nane alikuwa ameinamia mkono wa shati.

"Nilidhani ni wewe," Mama Saba alimwambia, bila kuzunguka.

"Najua." Nane hakuinua kichwa. "Mtu anayekwenda chooni na mkoba, nani hamwelewi?"

"Nisamehe, dada yangu."

Nane aliendelea kuvuta mshono. "Mashati yale niliyaona dukani mapema, kabla hata mtaa haujaanza kusema. Nikashika kola moja tu, nikamwambia muuzaji huyu Saba wenu simjui, wa kwangu hawezi kupitisha takataka hii. Tuligombana mpaka akanitoa nje."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja asubuhi yake nikuambie," Nane alisema. "Nilikusalimia mara mbili, nawe ukawa unatia kikasha kufuli."